Rafiki wa Siri wa Meza ya Nne

Kila asubuhi Yesenia alikuta jikoni sufuria ya maji ya sukari guru ingali vuguvugu, na arepa moja, mkate bapa wa mahindi, imefunikwa kwa sahani. Mama alikuwa ameshaondoka. Basi la kampuni ya maua hupita mtaani kwetu kabla majogoo wa mji wetu wa Facatativá hawajaamua kama watawika au watalala tena kwa sababu ya baridi, na dereva wake hamsubiri mtu, hata awe mama yake mzazi.

Yesenia alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikula amesimama. Alisema ukikaa mezani peke yako, kile kiti cha pili kinakutazama. Akimaliza, aliosha kikombe, akafunga mlango, akaenda shule. Mchana alirudi, akafungua mlango uleule, akakuta nyumba ileile.

Mama yake, Aracely, alifungasha maua ya waridi katika Banda la Pili la kampuni. Jioni alirudi vidole vimechanwa na miiba. Alivua mabuti ya mpira, akakaa.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Kazi za shule?"

"Nimemaliza."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya nyumba nzima. Redio ilikuwa na maneno mengi kuwashinda, na redio yenyewe ilikuwa mbovu.

Siku moja mwezi wa nane Yesenia akauliza, "Mama, mbona siku hizi huongei?"

Aracely alifikiri kwanza. "Kule kazini haturuhusiwi kuongea, mwanangu. Don Reinel, msimamizi wetu, hataki. Sasa mdomo ukishinda umefungwa, jioni nao unasahau kufunguka."

Kesho yake Yesenia alimsimulia Dayana, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja. Mama yake Dayana, Doña Marleny, alifanya kazi katika kampuni hiyohiyo, ila yeye alikuwa Banda la Kwanza. Dayana alicheka mpaka akapaliwa.

"Wasiongee? Toka hapa! Mama yangu yuko hukohuko. Wanafungulia muziki tangu asubuhi. Siku ya kuzaliwa kwako unaletewa keki. Juzi msimamizi wao alicheza dansi na ndoo!"

"Mama yangu hasemi uongo."

"Basi ni mvivu. Mvivu ndiye anayefokewa."

"Na wako muongo!"

Darasa zima likapiga kelele, "Uuuuh!" Dayana akachukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma. Kila mmoja alikuwa amemtetea mama yake, na hapo hakuna wa kurudi nyuma hata ukimvuta kwa trekta. Wasichana wengine wakamfuata Dayana, kwa sababu Dayana anajua kuchekesha. Tangu siku hiyo, saa ya mapumziko Yesenia alikula peke yake pale penye mabomba ya maji, akijifanya anasubiri zamu ya kunywa. Hakuna mtoto anayekunywa maji mengi namna ile.

Jioni ya ugomvi ule macho ya Yesenia yalikuwa bado mekundu. Mama alikuwa akimenya viazi.

"Mama, mama yake Dayana ana marafiki kibao kazini. Wewe huna hata mmoja?"

Kisu kikasimama kwenye kiazi. "Ninao," alisema Aracely. "Ninao wengi tu. Usijali."

Ukaja mwezi wa tisa, ambao hapa Kolombia ni mwezi wa mapenzi na urafiki. Maofisini, shuleni na viwandani, watu hucheza Rafiki wa Siri. Majina hutiwa kwenye mfuko, kila mtu huchomoa moja. Yule uliyemchomoa, unamwekea peremende au kitu kitamu mahali pake pa kazi, kwa kuibia, asikuone. Mwisho inakuja siku ya kujulikana, ambapo kila mtu hujitokeza na zawadi yake, watu wakakumbatiana na kupiga mayowe.

Wiki ya kwanza tu, Aracely akarudi na kipande cha halua ya mapera kilichofungwa kwa jani kavu.

"Nimekikuta mezani kwangu," alisema. "Rafiki yangu wa siri."

Yesenia aliruka. "Nani? Humshuku mtu?"

"Simjui."

"Mrefu? Ana mikono mikubwa? Hili jani limefungwa na mtu mwenye mikono mikubwa."

Mama akacheka. Alikuwa hajacheka tangu lini, hata yeye hakumbuki. Kesho yake ilikuja peremende ya nazi, kesho kutwa chokoleti, na kila jioni wawili hao walikaa mezani wakichunguza ganda kama askari wa upelelezi. Watoto mnaosoma hapa ni werevu, na labda mmeshaanza kunusa kitu. Yesenia hakunusa, maana pua yake ilikuwa ndani ya chokoleti.

Tena alimwona mama yake ana furaha, akaogopa kuiharibu. Mama alipouliza, "Dayana hajambo?" alijibu, "Hajambo. Leo tumecheka sana." Kumbe Dayana hajamsemesha mwezi mzima. Wakawa wanalala chini ya paa moja, kila mmoja na upweke wake ameufunika kwa blanketi, akimwambia mwenzake hakuna baridi.

Jumamosi ya siku ya kujulikana iliangukia pia Siku ya Familia, siku ambayo kampuni hualika watoto wa wafanyakazi. Ijumaa mchana Yesenia alichemsha maziwa na sukari, akakoroga na kukoroga mpaka yakawa mazito, rangi ya udongo, na mkono ukafa ganzi. Akayapaka kwenye oblea, vile vikaki vyembamba kama karatasi, akavifunga kwa utepe.

"Za nani hizo?" aliuliza mama alipoingia.

"Za rafiki yako wa siri. Yeye peke yake ndiye anayekutendea mema kule. Nataka kumshukuru kwa mkono wangu."

Aracely akabaki ameshika buti moja. "Kesho itakuwa baridi sana. Afadhali ubaki nyumbani."

"Mama, hapa Facatativá kuna siku gani isiyo na baridi?"

Aracely akavua buti la pili.

Siku ya pili uwanja wa kampuni ulikuwa umepambwa kwa maputo. Wanawake wa Banda la Kwanza walikuwa tayari wanakumbatiana. "Kumbe ni wewe, mchawi!" "Nilijua tu, nani mwingine angeniletea peremende imeng'atwa?" Wanawake wa Banda la Pili walisimama ukutani, mikono ndani ya makoti, kama watu wanaongoja gari.

Yesenia aliwaendea na kifurushi chake. "Shikamooni. Nani kati yenu ni rafiki wa siri wa Aracely?"

Wakatazamana. Mmoja akatazama viatu.

"Msione haya! Siku zenyewe zimekwisha, leo ni kujulikana. Aliyekuwa akimwekea mama vitu vitamu, nani?"

Ni Doña Marleny, mama yake Dayana, aliyemsogelea. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuuzia samaki, lakini safari hii aliishusha. "Mwanangu, Banda la Pili hawachezi mchezo huu. Wamekatazwa."

"Wanacheza! Mama kila siku analeta. Mama, si unaleta? Waambie!"

Aracely alisimama katikati ya uwanja, na maputo yale yote yakawa hayana maana. "Nilikuwa nikinunua mwenyewe," alisema. "Dukani, nikishuka kwenye basi. Uliniuliza kama nina rafiki, nami sikutaka ulale na jibu la kweli."

Yesenia hakulia. Alikumbatia tu kile kifurushi mpaka oblea zikasikika zikivunjika ndani.

Doña Ligia, mkuu wa wafanyakazi, alikuwa karibu na kipaza sauti mkononi, tayari kutangaza mchezo wa magunia. Akakishusha. "Don Reinel, kwa nini Banda la Pili hawachezi?"

Don Reinel, mtu mwembamba asiyekaa chini hata siku ya sherehe, akavua kofia. "Sukari, Doña Ligia. Inavuta sisimizi. Mwaka ule maboksi yalirudishwa kwa sababu ya sisimizi, na aliyekalishwa kitini akahojiwa ni mimi."

"Na kuongea je?" aliruka Doña Marleny. "Maneno nayo yanavuta sisimizi?"

Watu wakacheka. Doña Ligia hakucheka. "Lakini mimi nakunywa kahawa bandani kila siku, na kila siku nawakuta mnaimba! Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba kampuni hii ni familia."

"Unakunywa kwetu, Doña," alisema Marleny. "Kwetu ni jirani na ofisi yako. Banda la Pili liko nyuma ya matangi, na njia ina matope. Viatu vyako hivyo havifiki."

Doña Ligia alitazama viatu vyake. Kisha akawageukia wanawake wa ukutani. "Niambieni ninyi wenyewe. Kazi ikoje?"

Wakazidi kujibana ukutani. Mikataba yao ilikuwa ya miezi michache, na jina la anayeongezewa mkataba hupelekwa ofisini na msimamizi. Yesenia alimtazama mama yake. Aracely aliangalia mlango wa kutokea, akamwangalia Don Reinel, mwisho akamwangalia mtoto, akaona mtoto huyo anangoja kujua kama bado ana mama wa kumwamini.

"Mshahara unakuja siku yake," Aracely alianza, na sauti ilitoka na kutu. "Glavu tunapewa. Siwezi kusema tofauti. Lakini tangu naingia mpaka natoka sisikii jina langu. Naitwa Meza ya Nne. 'Meza ya Nne, upesi. Meza ya Nne, kimya.' Aliye Meza ya Tano nimesimama naye tangu mwaka jana, na sijui kama ana watoto."

"Nina wanne," alisema mwanamke wa pembeni yake. "Naitwa Blanca."

Ndipo wengine nao wakaanza, mmoja mmoja, kisha wote pamoja, na mchezo wa magunia ukasahaulika kabisa. Don Reinel aligeuzageuza kofia yake. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga akipewa filimbi huipuliza mchana kutwa. Doña Ligia alitamka mbele ya wote kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa maneno ya siku hiyo. Wanawake hawakuamini papo hapo. Nao wana akili.

Mama na mtoto walirudi kwa miguu, wakifuata reli.

"Mama," Yesenia akaanza, "mimi na Dayana hatuongei. Tangu mwezi wa nane. Yale niliyokuwa nikikwambia yote nilikuwa natunga."

Aracely akasimama. "Na mapumziko unakaa na nani?"

"Na bomba."

Mama akataka kucheka, ikashindikana, akamvuta mtoto kifuani. Walisimama hivyo mpaka mtu wa baiskeli akawapigia kengele wampishe.

Jumatatu Doña Ligia alivaa mabuti, akanywa kahawa yake Banda la Pili. Jumanne akarudi, na watu wakaanza kuamini. Mabanda yote mawili yakapangiwa saa ileile ya kula. Kuongea kukaruhusiwa, ila sukari hapana, maana sisimizi walikuwa wa kweli. Don Reinel aliambiwa awaite watu kwa majina, na wiki nzima alimwita Aracely "Graciela" na Blanca "Nieves", watu wakaitika hivyohivyo kwa huruma. Maagizo ya maua yalipozidi, kazi ilikuwa ngumu kama zamani, mikono ilichanika kama zamani. Lakini mwezi wa kumi na moja mkataba wa Aracely uliongezwa.

Jumapili moja Doña Marleny akabisha hodi, amemshika Dayana bega kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Aracely aliwakaribisha, akabandika viazi motoni. Wasichana walikaa, kila mmoja anatazama upande wake.

"Nilimwita mama yako mvivu," Dayana akasema mwisho. "Nisamehe."

"Nami nilimwita wako muongo. Nisamehe." Kisha Yesenia akauliza, "Lakini, Mama, muongo alikuwa nani? Kampuni si ni moja?"

Aracely akafuta mikono, akakaa kati yao. "Kampuni ni moja, ila mabanda mawili. Marleny alisema kweli ya banda lake, nami nikasema kweli ya banda langu. Kosa lenu ni kwamba kila mmoja alidhani banda la mama yake ndiyo kampuni yote. Mtu akikwambia anaumia, usimbishie eti kwa sababu wewe huumii. Muulize anaumia wapi. Kama muongo mnamtaka, ni mimi, na wewe ukanifuata. Tulidanganyana ili tusihuzunishane, na kila mmoja akabaki na huzuni yake peke yake, bila msaada. Ukiwa mpweke, mwanangu, niambie. Sitavunjika. Nami nitakwambia."

"Hata ukiwa umechoka?"

"Hata nikiwa nimechoka."

"Jamani, mimi nina la kusema tangu nimeingia," alidakia Doña Marleny, na akalisema, na Dayana akamkatiza, Yesenia akamkatiza Dayana, na Aracely akawakatiza wote watatu. Viazi viliungua siku hiyo. Walikuwepo wanne nyumbani, na hakuna aliyenyamaza muda wa kutosha kusikia harufu.