Upande wa Kushoto, Kurihata

Haya yalimkuta Isobe, mwenzangu wa zamu katika stesheni ya Kurihata, pale njia ya mlimani ilipokuwa ikiachana na njia kuu. Ile ya mlimani ilifungwa zamani na reli zake zikang'olewa. Limebaki jukwaa la tatu, na theluji.

Alasiri moja mkuu wa stesheni, Onuki, alimtuma koleo la theluji kule ng'ambo, kwenye jukwaa hilo, avuke pale reli zilipong'olewa. Sisi hatuvuki reli bila kunyoosha kidole kulia, kisha kushoto, na kutamka kwa sauti kwamba ni salama. Siku hiyo Isobe hakujisumbua. Angeogopa treni gani mahali pasipo reli?

Alipofika katikati, sauti ya mzee ikatamka ndani ya ukungu: "Kulia, salama."

Isobe akasimama kungoja kushoto. Kushoto hakukutamkwa. Alitaka kukimbia, miguu ikamgomea. Alitaka kutamka mwenyewe, ulimi ukaganda. Chini ya viatu vyake ardhi ikaanza kuvuma kidogokidogo, kama reli inavyovuma treni ikikaribia. Kisha ikanyamaza.

"We Isobe, nimekutuma koleo au nimekutuma posa?" Onuki alikuja akicheka.

"Hajasema kushoto, mkuu," Isobe alinong'ona. "Mwambie aseme."

Onuki akatazama chini, kicheko kikamkauka. Kutokea kushoto, theluji ilikuwa imeyeyuka kwa mistari miwili iliyonyooka, iliyoachana upana wa njia ya treni, na bado ilikuwa ikifuka mvuke. Yote miwili iliishia shubiri moja kutoka kiatu cha Isobe.