Mwanafunzi wa Kumi na Tano

Walimu vibarua wa sosholojia pale chuoni Winnipeg walikuwa kumi na tisa, na mashine ya fotokopi moja. Kwenye foleni yake, asubuhi ya Septemba yenye vurugu, ndipo Renaud alipomwona Larysa: koti la kijani, skafu nyekundu, karatasi kifuani, macho ya mtu aliyechelewa.

"Pita mbele yangu, mwalimu."

"Na darasa lako je?"

"Litasubiri. Wewe ukichelewa utalia, nakuona."

Larysa alicheka, akapita. Kufikia Krismasi walikuwa wakila pierogi, vile vitambi vya unga vilivyojazwa viazi, kwa mama yake Larysa, na wakipendana kweli, muhula kwa muhula, kama watu wasio na uhakika wa kazi wanavyopendana.

Krismasi ya pili ilipopita, Januari mambo yakaharibika. Darasa lisilofikisha wanafunzi kumi na watano hufutwa Ijumaa ya mwisho kabla ya muhula, saa sita mchana, na hakuna wa kumlilia. La Renaud lilikuwa limeshafutwa. La Larysa lilikuwa na kumi na wanne. Naye muhula uliopita hakupata darasa. Akikosa tena, jina lake linatolewa kwenye orodha ya walimu, na miaka tisa yote inakwenda bure.

Alhamisi alimpigia Renaud simu.

"Nimekwama kwa mtu mmoja tu. Nimewabembeleza mpaka wauza kahawa."

"Tulia, mpenzi. Nitakutafutia."

"Utamtoa wapi na baridi hii?"

"Niachie mimi."

Ijumaa alasiri chuo kiliandika kwamba darasa limepona. Larysa akapiga simu kumpa habari, haikupokewa. Jumamosi hivyo hivyo. Jumapili hivyo hivyo. Akajiambia: langu limebaki, lake limekufa, ananionea kijicho. Iliuma sana. Alilia mpaka kichwa kikamgonga.

Jumatatu alivaa gauni la bluu, akachukua orodha ofisini mbiombio, akaanza kuita majina darasani. La kumi na tano alilisoma mara mbili kabla ya kulitamka.

"Renaud Carrière."

"Nipo, mwalimu," sauti ilijibu kutoka nyuma.

Alisubiri wengine watoke.

"Una wazimu wewe? Karo umetoa wapi?"

"Nimeuza gari. Lilikuwa haliwaki hata hivyo."

"Na simu zangu? Nilijua umeniacha."

"Ningepokea ningekuambia, nawe ungenilazimisha nijitoe."

"Ningekulazimisha, ndiyo. Unaijua sheria. Mwalimu hawi na mapenzi na mwanafunzi wake. Wakitugundua wananinyang'anya darasa siku hiyo hiyo."

"Naijua. Ndiyo maana nimekaa nyuma."

"Kwa hiyo mimi na wewe basi?"

"Mpaka Aprili. Hata kahawa hapana."

"Aprili mkataba wangu unaisha, Renaud. Mimi sina kazi, wewe huna gari."

"Tutakuwa tumelingana. Nikuoe hivyo hivyo, ukikubali."

Larysa alitamani kumkumbatia, akamsogelea. Mlango ukafunguka, msichana mmoja alikuwa amesahau glavu zake.

"Jibu lako utalipata Aprili, Carrière," alisema Larysa kwa sauti ya kazi, "nikishapeleka maksi."

"Asante, mwalimu."

Renaud akafunga zipu ya koti, akatoka pamoja na yule msichana bila kugeuka. Larysa alikwenda nyuma ya darasa, akakikalia kiti cha Renaud kilichokuwa kingali na joto, akalia.