Uzi wa Zeze la Antipasi

Luciana hakujua kuimba. Kanisani alifungua mdomo tu bila kutoa sauti, na mumewe Gasto, mwalimu wa kwaya, alishukuru Mungu. Kwa hiyo alipoanza kuimba huku akitwanga mtama, Gasto alishtuka. Alipiga chuma chake cha kupimia sauti. Luciana alikuwa sawasawa kabisa.

"Mke wangu, umejifunzia wapi?" aliuliza.

Luciana aliendelea kuimba siku nzima, na nyumba yao mpya, pale kijiji cha ujamaa cha Kinyangiri, ikanuka udongo uliolowa mvua, ilhali ulikuwa Septemba, kiangazi kikavu. Akaacha kula. Wimbo ulitoka hata akiwa amefumba mdomo.

Zahanati ilishindwa. Akabaki mzee Antipasi, mtoa majini, ambaye Gasto alikuwa amempa nafasi ya mwisho kwenye mashindano ya Saba Saba kwa sababu uzi mmoja wa zeze lake haukufungwa sawa na ulitoa sauti ya kombo.

"Shikamoo, mzee. Mke wangu anakufa."

"Marahaba. Jini hufukuzwa na wimbo asioupenda," mzee alinong'ona. "Zeze langu likikukera sikioni, mwalimu, vumilia."

Akapiga adhuhuri, watu wakiwa shamba la kijiji. Uzi mmoja ulilia vibaya mno. Luciana akaziba masikio, na sauti ya kiume ikatoka kifuani mwake: "Basi! Natoka!"

Gasto alipaswa kufurahi, lakini uzi ule ulimkwaruza meno, na akajiambia kwamba kama zeze bovu linamtikisa jini basi zeze lililofungwa sawa litamng'oa kabisa, maana muziki mzuri ni mzuri hata kuzimu, na mzee alipoliweka chini afute jasho kabla ya kumalizia, yeye akapiga chuma chake, akazungusha kigingi, akaukaza uzi mpaka ukalingana na chuma.

Mzee akalichukua, akapiga. Luciana akaondoa mikono masikioni. Akatabasamu.

"Sasa ni tamu," ilisema ile sauti. "Mwalimu, mimi na wewe tunapenda kitu kimoja."

"Mzee, ulegeze uzi!" Gasto alilia. "Urudishe ulivyokuwa!"

Antipasi alizungusha kigingi huku na huku. "Aliufunga marehemu baba, sijawahi kuugusa. Wewe ndiye uliyeusikia ubaya wake. Niimbie ile sauti yake mbovu niifuate."

Gasto akajaribu kuimba kwa kukosea. Sauti ikanyooka yenyewe, ikawa sawasawa. Akajaribu tena, machozi yakimtoka, na tena ikanyooka. Pale mkekani Luciana, mifupa mitupu, akaingia na sauti ya pili, bila kosa hata moja.