Njia ya Kwenda kwa Rose

Naitwa Suzana, mama Shigela. Tunaishi Nyakato, mjini Mwanza. Kila asubuhi nilikwenda mwaloni Kirumba, wavuvi wanakoshusha samaki, kununua dagaa. Nikirudi niliwauza kwenye kibanda changu kando ya barabara. Ilikuwa mwaka 1996. Viwanda vilikuwa vinapunguza watu, na kila mtu alikuwa anafungua kibanda. Mume wangu, Mashimba, naye alikuwa amepunguzwa kazini.

Kiwanja chetu kilikuwa kimoja. Mbele ni nyumba yangu. Niliijenga kwa pesa za dagaa. Nyuma ni nyumba ya mke mwenzangu, Rose. Yeye ni mshonaji. Wateja wake walipita kando ya kibanda changu, wakavuka uwanja wangu, wakaenda kwake. Wengi hawakuniangalia. Niliwahesabu. Siku moja walipita kumi na mmoja. Nasema ukweli, nilimwonea wivu.

Jioni moja Mashimba alituita.

"Nimechoka na ugomvi wenu," alisema. "Nakigawa kiwanja. Kila mmoja apate chake, na hati yenye jina lake."

Hati yenye jina langu. Hiyo niliitamani miaka mingi. Ningeipata, hakuna ambaye angenitoa kwenye nyumba yangu.

"Mimi nachukua mbele," nilisema upesi.

"Nyuma kunanitosha, dada," alisema Rose. "Mradi nipate pa kupita."

"Nani amekuzuia?"

Mashimba alipanda minyaa, ile miti ya utomvu ya kuwekea ua, akakata kiwanja katikati, akaacha upenyo wa kupita. Kwetu Usukumani minyaa ikishapandwa, huo ni mpaka, na watu wanauheshimu. Mvua ilinyesha, minyaa ikashika. Alipokwenda Magu kwa wiki mbili, nami nikapanda mstari wangu. Niliupanda palepale wateja wa Rose walipokuwa wakipita.

Ikabidi Rose apite kwa jirani yetu, Antoni. Wateja wengine walichoka kuzunguka, wakaacha kuja. Cherehani yake ikanyamaza. Usiku wa kwanza bila mlio wake nililala vizuri sana.

Mashimba alipeleka maombi manispaa. Baada ya miezi miwili barua ilikuja. Kamati ya mipango miji ilikuwa imekataa.

Nilijua ni Rose. Nilikwenda kwa jirani yetu Leonsia, mwenyeji wa Bukoba. Yeye ni mchoraji ramani katika ofisi ya mipango miji. Nilimkuta amevaa gauni jipya. Niliitambua mishono.

"Hilo gauni kashona Rose," nilisema.

"Ndiyo, na nilimlipa. Karibu ukae, dada Suzana."

"Kwa hiyo ndiyo maana mmenikatalia."

Leonsia alicheka kidogo. "Kamati haimjui Rose. Haijui hata nani mke mkubwa. Ilitazama ramani ikauliza jambo moja tu: nyumba ya nyuma inafikiwa kwa njia gani?"

"Anapita kwa Antoni."

"Antoni akijenga ukuta kesho, je? Mgonjwa atabebwa wapi? Choo kikijaa, gari la kunyonya litapita wapi? Nyumba ikiwaka moto?"

 Nikajaribu lingine. "Lakini mpaka tumeshaweka. Minyaa imeshika."

"Minyaa ni ya shambani. Kiwanja kilichopimwa mjini kinajulikana kwa mawe ya pembeni, zile bikoni. Ukitaka kukigawa, unaanza kwa maombi na ramani. Kamati inakuja kuona, inajadili. Ikikubali, mpima anaweka mawe mapya, kisha hati zinatoka. Ninyi mlianza mwisho."

"Basi nipeni hati yangu. Ya Rose isubiri."

"Haiwezekani, dada. Zinatoka mbili, au haitoki hata moja."

"Sasa nifanye nini?"

"Acha upana wa hatua nne pembeni, toka barabarani hadi kwa Rose. Njia hiyo itachorwa kwenye ramani, na hakuna atakayeruhusiwa kuifunga."

"Hapo ndipo kilipo kibanda changu."

"Najua. Nanunua dagaa hapo."

Nilirudi nyumbani na hasira. Nimhamishie Rose kibanda? Nimpe na ardhi yangu? Niliiweka barua chini ya godoro. Niliona heri nikose hati kuliko Rose kupata barabara.

Jumapili, shemeji yangu Chenge alikuja na mwanamume mgeni. Walizunguka kiwanja. Yule mgeni alipima kwa miguu.

"Kaka, uza," Chenge alimwambia Mashimba. "Kazi huna. Karatasi ni moja, jina ni lako. Wake zako warudi kijijini wakalime."

Nilimtazama mume wangu nikingoja akatae. Mashimba aliinamisha kichwa. Hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana.

Hapo niliogopa: bila hati mbili, mimi na Rose tungetolewa sote. Mgeni alipoondoka nilichukua panga, nikaanza kukata mstari wangu wa minyaa. Rose alitoka mbio na kitambaa mkononi.

"Funga uso, dada. Utomvu wa minyaa unapofusha."

Alinifunga mwenyewe. Kisha akachukua jembe, akang'oa mizizi.  Kesho yake tulikihamisha kibanda pamoja hadi kando ya njia, mabati yeye, mbao mimi. Jioni tulikaa na Mashimba. Nilimwambia, "Baba Shigela, nyumba hizi ni zetu. Usituuze." Akaomba kalamu ya kusaini maombi mapya.

Safari hii Leonsia alituelekeza jinsi ya kupeleka maombi yenye ramani kamili. Wajumbe wa kamati walikuja, wakatembea kwenye njia hadi mlangoni kwa Rose. Mwezi uliofuata walikubali. Mpima akaweka mawe. Niliomba pia kibali cha kibanda, nikapewa. Chenge alipokuja tena, Mashimba alimwonyesha mawe. Shemeji akanywa chai, akaenda zake.

Siku hizi wateja wa Rose wanapita kwenye njia, na mlango wa kibanda changu unatazama njia hiyo. Bado nawahesabu. Jana walikuwa kumi na wanne, na sita walinunua dagaa.

Hati zote mbili zilikuja siku ileile. Yangu ina jina langu, na hakuna wa kunitoa. Kabla sijaifungia sandukuni, nilimwomba Rose anionyeshe yake. Nilitaka kuona kama muhuri wake ni mkubwa kuliko wangu.

Mihuri ilikuwa sawasawa. Niliipima mara mbili.