Uzi Uliopita Juu ya Tabora

Kila asubuhi Honorata huteka maji, hufagia uwanja wao pale Gungu, Kigoma, kisha humpelekea Bibi Veneranda uji. Bibi ana kisukari. Akichoma sindano ni lazima ale kwa wakati, la sivyo hutetemeka na kuishiwa nguvu.

Wiki hiyo Bibi alikuwa asafiri peke yake kwa ndege hadi Dar es Salaam, kutibiwa macho. Mama alimtuma Honorata akitoka shule apitie ofisi ya tiketi, aulize safari ni ya muda gani.

Honorata hakufika. Alinogewa na mchezo wa rede. Lakini darasani alikwisha kunyoosha uzi kwenye ramani ya ukutani, Kigoma hadi Dar, akapata kilomita elfu moja na themanini. Mwalimu alisema ndege huenda kilomita mia tano na arobaini kwa saa. Akagawanya.

"Nimeuliza, mama. Masaa mawili tu."

"Hata hesabu ya ndege unaijua, rubani wangu," Bibi akacheka.

Basi siku ya safari Mama akakitoa chakula kwenye mkoba. "Saa nne mnaruka, saa sita umetua. Utakula kwa Yunisi, atakayekupokea Dar."

Kwenye uwanja wa ndege, Bibi akiwa kwenye foleni ya kukaguliwa, abiria mmoja wa mbele akasema kwenye simu, "Leo tunatua Tabora kwanza. Nitegemee saa saba na nusu."

Honorata alisikia. Uzi wake ulipita juu ya Tabora kabisa, aliiona. Ila uzi hausimami kushusha watu.

Akinyamaza, nani atajua? Akamtazama Bibi, vidole vyembamba vimeshika fimbo.

"Mama, sikuuliza. Nilipima kwa uzi. Ndege inapitia Tabora, Bibi atachelewa kula."

Mama alimkazia macho, akafungua pochi. "Mbio. Kwa yule mama wa chakula nje ya geti."

Honorata alirudi anahema, na ndizi za kuchemsha na maharage kwenye kibakuli. Watu wawili tu walikuwa wamebaki mbele ya Bibi.

Saa nane simu ikalia. Alikuwa Bibi mwenyewe, ameshafika Dar, sauti imara.

"Mwambie rubani nilikula ndizi zangu Tabora, ndege iliposimama. Mikono ilishaanza kutetemeka."

Mama akaweka simu chini. Akamgeukia Honorata.

"Hesabu yako haikuwa na kosa, mwanangu. Kosa ni kusema umeuliza na hukuuliza. Mgonjwa hali hesabu. Siku nyingine usipokwenda, niambie hukwenda. Nitakugombeza, halafu tutakwenda wote."

"Ndiyo, mama."

"Haya, kaoshe vyombo. Kesho utapitia ofisini kuuliza ndege ya kumrudisha."

Na kesho yake, kabla ya rede, alipitia.