Mivuto Miwili

Ilianza na harufu. Sunniva alifungua chumba baridi cha maabara pale Tromsø, mji wa kaskazini kabisa mwa dunia, wanamokuzia bakteria wa baharini, akakutana na harufu ya vazi la mpira la mzamiaji, mbichi kabisa, na sakafuni maji ya chumvi. Akapiga deki, akaendelea na kazi. Mwenye lake moyoni haulizi maji yametoka wapi.

Visahani vya kukuzia bakteria hao vilikuwa na habari njema. Bakteria wa tope la mwisho la Eivind walikuwa wakitoa kitu kinachoua virusi, na wakubwa walishaanza kumpongeza Sunniva. Eivind, mzamiaji wao, hakuwapo kupongezwa. Alikufa chini ya barafu akichota tope hilo, na aliyeshika kamba yake huko juu alikuwa Sunniva. "Kamba haikutikisika hata kidogo," aliwaambia polisi. Akamwambia hivyo hivyo mama wa marehemu, na mama akamkumbatia.

Ndipo kugonga kukaanza. Adhuhuri, nje giza kama kawaida ya Desemba huko, jua lisipochomoza kabisa, mlango wa chumba baridi unagongwa kutoka ndani. Ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo.

"Umesikia?" Ailo, mwenzake wa kazi, alinong'ona.

"Mashine hiyo."

"Mashine gani inagonga mara mbili mbili, dada? Mimi namwita shangazi."

Shangazi Biret alikuwa msomaji wa dua za Kisami, za wenyeji wa asili wa huko, dua za kuzuia damu na kutuliza wafu. Aliweka kiganja mlangoni, akasoma kwa sauti ya chini, mara akauondoa mkono, umelowa.

"Ni aliyezama. Hatoki kwa maneno yangu, mwanangu. Anataka yako."

"Yangu yapi?"

"Si wewe uliyeshika kamba?"

Sunniva alijua. Mivuto miwili ya kamba, kwa wazamiaji, maana yake nivute juu. Aliihisi mkononi, lakini mfuko wa tope ulikuwa bado haujapanda, akasema moyoni, ajaze kwanza, akalegeza kamba. Sasa akiyasema hayo, mama yule atajua mwanawe aliomba akanyimwa.

"Nitamwambia mama yake kesho."

"Haya. Usiingie humo kabla hujasema," Biret alijibu, akafunga skafu yake.

Kesho yake hakusema. Visahani vilitaka kutazamwa, akaingia, akijiambia ni mara moja tu, na mlango ukajifunga nyuma yake, na taa ikazimika, na ile harufu ya mpira ikamjaa puani, na maji yakapanda vifundoni, magotini, kiunoni, baridi ya kukata mifupa, mpaka akahisi kamba iliyolowa imemzunguka, imefungwa kwa fundo lile lile alilomfungia Eivind kwa mkono wake, na ncha yake inapanda juu gizani, imekazwa, kuna mtu ameishika.

Sunniva akavuta mara mbili.

Huko juu, kamba ikalegezwa.