Aliyejibu kwa Jina la Alexis

Kila asubuhi Honorine hufungua kibanda chake mtaani Nyakasanza, mjini Bunia. Watu humletea simu azichaji. Yeye huziunga na waya zinazotoka kwenye paneli ya jua juu ya bati, kisha hukaa kwenye kiti cha mumewe. Mumewe, Alexis, alikuwa fundi wa simu na wa umeme wa jua. Aliugua, akafariki. Matanga yake bado hayajatolewa, yaani siku za maombolezo hazijafungwa.

Alexis hakuwa fundi wa mikono tu. Alikuwa na blogu, yaani ukurasa wake mwenyewe kwenye intaneti. Humo aliandika kwa Kiswahili chepesi jinsi ya kutunza simu, betri na paneli. Watu wa Bule walimsoma. Watu wa Iga Barrière walimsoma. Hata wachimba dhahabu walimsoma huko machimboni. Walimwuliza maswali chini ya makala zake, naye akawajibu bila kuchoka. Jina jema hung'aa gizani, na jina la Alexis lilikuwa jema.

Alipokufa, baba yake mdogo, Mzee Anaclet, alifanya kama desturi ya ukoo wao inavyotaka. Alikusanya koti, vyombo vya kazi na simu ya marehemu, akavifungia ndani ya sanduku. Hakuna kugusa kitu mpaka siku ya kutoa matanga. Honorine hakubisha. Angebishaje? Ilikuwa heshima. Wala hakuna aliyeikumbuka blogu, maana blogu haiingii sandukuni.

Siku moja mwanamke alishuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda. Alikuwa Brigitte, mkulima kutoka Bule. Hakusalimia.

"Fundi Alexis iko wapi?" aliuliza.

"Karibu, mama. Ikala kwanza," alisema Honorine akimsogezea kiti. "Miye ni muke yake. Alexis alishakufa. Tuko mu matanga."

"Usinidanganye! Juzi-juzi tu alimujibu bwana yangu. Angalia."

Brigitte alitoa simu. Kwenye blogu ya Alexis, chini ya makala kuhusu betri, mume wa Brigitte, Blanchard, alikuwa ameuliza: je, anaweza kuunga paneli kubwa na betri bila régulateur? Hicho ni kisanduku kidogo kinachopunguza nguvu za jua kabla hazijaingia kwenye betri. Jibu lilikuwa hapo: *Unga tu moja kwa moja. Acha siku nzima.* Na jina la aliyejibu lilikuwa Fundi Alexis.

"Betri ikapasuka," alisema Brigitte. "Maji yake ya makali ikamuingia mu macho. Jicho moja imekufa, mama. Iko analala ku hospitali hapa Bunia, na kila siku anatukana bwana yako."

Honorine alilisoma jibu lile mara nyingi. Aliogopa, kisha akaona aibu kama vile yeye ndiye aliyeliandika. Alifunga kibanda, akamshika Brigitte mkono, wakaenda kwa jirani yake Falone. Falone hutunza ukurasa wa intaneti wa redio ndogo ya mtaani.

Falone alisoma polepole.

"Huyu si Alexis," alisema. "Hapa chini mutu yeyote anaweza andika, na anajipa jina yenye anataka. Zamani Alexis alikuwa anasoma yote, ya uongo anafuta. Sasa hakuna mwenye anasoma. Huyu mutu aliona nyumba haina mwenyewe, akaingia. Muone, ameweka na numéro yake ya simu, ju anauzisha mapaneli."

"Lakini Alexis alikufa," alisema Honorine. "Nilifikiri na blogu ilikufa."

"Blogu haikufe na mwenyewe, Mama Honorine. Inabakia wazi. Batu banaisoma na banaiamini. Habajue kama mwenyewe haiko tena."

"Basi futa ile uongo sasa hivi!" alisema Brigitte.

"Siwezi. Tunahitaji mot de passe, ile neno ya siri ya kuingilia. Alexis alikuwa anaijua peke yake. Ile simu yake njo inaweza kutufungulia. Na tukikawia, ni mubaya zaidi. Numéro yenye haitumike, kampuni inaweza ipatia mutu mwingine. Pale neno ya kufungua blogu itaenda kwake, siye hatutaingia tena."

Simu ilikuwa ndani ya sanduku. Basi wote watatu wakaenda kwa Mzee Anaclet.

Mzee aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Matanga ingali. Kitu ya marehemu haiguswe. Munataka ukoo iniseme nini?"

Honorine hakuwahi kumjibu Mzee hata neno moja. Siku hiyo alimjibu.

"Muzee, tulifunga simu ju ya kumuheshimu Alexis. Lakini jina yake iko inje, na mutu anaisemesha uongo. Mwingine akipofuka kesho, tutasema ni desturi?"

Mzee alilitazama sanduku. Brigitte akapiga magoti mbele yake.

"Muzee, yule mutoto wenu alikuwa anadanganya batu?"

"Hata siku moja."

"Basi mutuonyeshe."

Mzee Anaclet aliinuka. Aliwaita ndugu wawili wawe mashahidi. Akasali Baba Yetu, akafungua sanduku, akatoa simu na kumpa Honorine kwa mikono miwili.

"Simu tu," alisema. "Bingine bingojee siku yao."

Waliichaji nyumbani kwa Falone. Honorine alijua jinsi ya kuifungua, na blogu ikafunguka humo humo. Falone alitaka kuishika simu, lakini akajizuia.

"Fanya weye," alisema. "Nikifanya miye, kesho utanitafuta tena."

Honorine akafuta majibu yote ya mwongo yule. Kisha akapanga blogu ili swali au jibu la mtu lisionekane mpaka mwenye blogu alisome na kulikubali. Akabadilisha neno la siri. Akaandikisha namba yake na ya Falone pia.

"Mutu mumoja asishike funguo peke yake," Falone alimweleza. "Na kila mwezi ufanye kopi ya makala yote, uiweke fasi ingine. Simu inaweza anguka mu maji, inaweza ibiwa."

Baadaye Falone akaisoma makala yenyewe, ile ya betri, iliyoandikwa na Alexis kwa mkono wake. Akarudi kwenye sentensi moja, akaisoma tena.

"Ni nini?" aliuliza Honorine.

"Sikiliza yenye aliandika. *Paneli ndogo unaweza kuiunga moja kwa moja na betri, kwa muda mfupi.* Ndogo namna gani? Mufupi namna gani? Hakusema. Yule mwongo aliingilia hapa."

Honorine aliruka kutoka kitini. "Usimuguse bwana yangu! Kosa ni ya yule mwizi wa jina!"

"Alexis hakudanganya. Alisahau kusema yote. Lakini musomaji anasoma yenye iko pale. Yenye ilikuwa mu kichwa ya fundi, hawezi kuisoma."

Honorine alilia. Kumsahihisha mume aliye hai ni kazi. Kumsahihisha aliye kaburini ni uchungu mtupu. Alitamani kuifuta makala ile kimya kimya, na nani angejua?

"Tuifute tu," alisema.

"Bale bamesoma zamani habatajua," Falone alimjibu. "Bataendelea na kosa ileile. Iache, uandike juu yake yenye haikukuwa sawa. Weka tarehe. Weka na jina yako."

Honorine alipangusa machozi, akaandika. Kabla ya kutuma, alimpigia simu fundi Lucien, aliyefanya kazi na Alexis, akamsomea sentensi moja moja. Lucien alirekebisha mbili. Ndipo Honorine akatuma:

*Alexis amefariki. Mimi Honorine, mke wake, ndiye ninayetunza blogu hii sasa. Aliyejibu kwa jina lake baada ya kifo chake ni mwongo. Tena, makala hii ina kosa, haikusema yote. Usiunge paneli na betri bila régulateur, hata kwa muda mfupi. Usichaji betri ndani ya chumba kilichofungwa, wala karibu na moto. Maji ya betri yakiingia machoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, osha kwa muda mrefu, kisha kimbilia hospitali. Tunaomba radhi.*

Tangu siku hiyo, Honorine husoma maswali ya wasomaji kabla ya kupokea simu za kuchaji. Anachokijua hujibu. Asichokijua huandika, "Sijui, nitauliza," naye huuliza kweli. Amezipitia makala za zamani zote, na kila moja sasa ina tarehe. Mchimba dhahabu mmoja aliandika kwamba alikuwa ameunga paneli yake vivyo hivyo, bila régulateur, akaiondoa alipousoma ujumbe ule.

Siku ya kutoa matanga ikafika. Mzee Anaclet aligawa koti, akagawa vyombo. Kisha akasema, "Imebakia kitu yenye mukono haiwezi shika. Blogu ya Alexis tunaipatia Honorine. Falone ni shahidi."

Kabla watu hawajaitikia, mwanamume mwenye kitambaa juu ya jicho alisimama nyuma. Brigitte alikuwa kando yake. Honorine akainamisha kichwa.

"Miye ni Blanchard wa Bule," alisema. "Nilitukana huyu marehemu. Nililaani mpaka nyumba yake. Kisha muke yangu akanisomea yenye Mama Honorine aliandika. Kosa ya mutu mwenye alishakufa, angeweza kuificha. Hakuificha." Aligusa kitambaa. "Jicho yangu haitarudi. Lakini matusi yangu naiondoa leo, mbele yenu bote."

Alimwendea Honorine, akamnyooshea mikono miwili. Honorine akaishika. Mzee Anaclet ndiye aliyejibu kwa niaba ya ukoo.

"Ikala na siye, mutoto wangu," alisema, akimsogezea sahani ya chakula. "Kula."

Blanchard akaketi kati ya ndugu za Alexis, akala.